Lugha ya Tangazo na Lugha ya Fomu: Kutathmini Utumikaji wa Tovuti ya Ajira katika Handeni na Korogwe

1.0 Utangulizi

Eneo linalojulikana kwa majina mawili ya Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, limegawanywa katika halmashauri nne: kila upande una Halmashauri ya Wilaya na Halmashauri ya Mji. Kila halmashauri ina tovuti yake, na katika tovuti hizo ukurasa unaotazamwa kwa hamu zaidi na vijana waliomaliza masomo ni ule wa matangazo. Hapo ndipo hutangazwa nafasi za Mtendaji wa Kijiji, dereva, mtunza kumbukumbu na nyinginezo, pindi kibali cha ajira kinapopatikana. Kwa miaka ya karibuni, matangazo ya aina hii humwelekeza mwombaji kutuma maombi yake kwa njia ya kielektroniki kupitia Ajira Portal, mfumo unaosimamiwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Sekretarieti hiyo ni chombo kilichotokana na Sheria ya Utumishi wa Umma kama ilivyorekebishwa mwaka 2007.

Mifumo ya namna hii kwa kawaida hutathminiwa na wataalamu wa kompyuta. Huulizwa kama ukurasa unafunguka upesi, kama kitufe kinaonekana, na kama taarifa zinahifadhiwa kwa usalama. Maswali hayo ni ya lazima. Hata hivyo, mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba katika mazingira ya Handeni na Korogwe sehemu kubwa ya ugumu wa tovuti ya ajira ni ugumu wa lugha. Aidha, utadai kwamba ugumu huo hauwezi kuonekana kwa kuikagua tovuti peke yake. Unasikika katika mazungumzo ya watu wawili wanaokaa mbele ya kompyuta moja.

2.0 Dhana ya utumikaji

Kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa cha ISO 9241-11, kilichotolewa mwaka 1998 na kupitiwa upya mwaka 2018, utumikaji wa kitu hupimwa kwa mambo matatu: mtumiaji kufikia lengo lake, kulifikia bila kupoteza nguvu na muda mwingi, na kuridhika na safari nzima. Fasili hiyo ina sharti moja ambalo mara nyingi husahauliwa. Vipimo hivyo vitatu huwa na maana pale tu anapotajwa mtumiaji fulani, mwenye lengo fulani, katika mazingira fulani. Tovuti haiwi rahisi au ngumu hivihivi; huwa rahisi au ngumu kwa mtu anayejulikana, mahali panapojulikana.

Neno lenyewe la Kiswahili linastahili kuangaliwa. Mzizi wake ni -tum-. Kutokana na tuma hupatikana tumia, umbo la kutendea. Kutokana na tumia hupatikana tumika, na hatimaye utumikaji. Kutokana na mzizi huohuo hupatikana pia mtumishi, utumishi na tumikia. Hivyo basi, msemaji wa Kiswahili anapouliza kuhusu utumikaji wa mfumo wa utumishi wa umma, mofolojia ya lugha yake imekwisha kuyaunganisha mambo mawili ambayo lugha nyingine huyatenganisha: kitu kutumika, na kitu kumtumikia mtu. Swali la pili ndilo linaloongoza mhadhara huu.

3.0 Karatasi na kazi: historia fupi

Si mara ya kwanza kwa mtafuta kazi wa eneo hili kulazimika kupita katika maandishi asiyoyatunga yeye. Msamiati wa Kiswahili umehifadhi ushahidi wa jambo hilo.

Neno kibarua ni udogo wa barua. Hapo awali lilitaja kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa ili baadaye adai ujira wake. Kwa kupanuka maana, jina la karatasi likawa jina la kazi, kisha likawa jina la mtu mwenyewe. Kipande nacho kilikuwa kadi ya mfanyakazi wa mashamba, iliyoandikwa siku alizofanya kazi hadi zitimie 30. Reli ya Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mashamba ya mkonge yalipoenea kandokando yake mahitaji ya nguvukazi yaliongezeka. Mwaka 1944 wakulima wa mkonge waliunda shirika la kuandikisha wafanyakazi lililojulikana kwa kifupi kama SILABU. Watu walioandikishwa kutoka mbali waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alitambuliwa kwa namba aliyopewa.

Mfuatano huu una funzo. Katika kibarua, kipande na manamba, mtu amepewa jina la kitu kilichoandikwa ili kumtambulisha. Leo mwombaji hutambulishwa kwa namba ya kitambulisho cha taifa yenye tarakimu 20, anwani ya barua pepe na nywila. Tofauti iliyopo ni kwamba manamba hakutakiwa kujaza karatasi zake mwenyewe, ambapo mwombaji wa leo hutakiwa kuzijaza, kuzithibitisha na kuwajibika kisheria kwa yaliyomo. Kwa hiyo suala la kuielewa lugha ya fomu limekuwa zito kuliko lilivyokuwa wakati wa mkonge.

4.0 Vikwazo vya kiisimu katika safari ya mwombaji

Chukuliwe mfano wa mwombaji wa kubuni kutoka kijiji kimojawapo cha Kwamsisi, Sindeni, Mashewa au Magoma. Amehitimu kidato cha nne, akasoma chuo kwa ngazi ya cheti, na umri wake haujazidi miaka 45 ambayo matangazo mengi huiweka kuwa ukomo. Ameliona tangazo la nafasi ya Mtendaji wa Kijiji, ambalo kwa kawaida huandikwa kwa Kiswahili rasmi. Anapoanza safari ya kuomba, hukutana na vikwazo vya aina tatu.

4.1 Istilahi za tangazo

Kikwazo cha kwanza ni istilahi ambazo ni sahihi lakini hazizungumzwi. Tangazo hutaka astashahada au stashahada. Istilahi hizi mbili zimejengwa juu ya neno shahada, na tofauti yake katika usemi ni silabi moja ya mwanzo. Chuoni na mtaani watu husema cheti na diploma. Msomaji mwenye cheti anayedhani kuwa astashahada ndiyo diploma atajitoa katika nafasi aliyostahili. Mwenye dhana ya kinyume atajaza sifa asiyokuwa nayo, na mbele ya mfumo ataonekana mdanganyifu. Istilahi mbili zinazotenganisha sifa za watu zingepaswa kutofautiana kwa sauti kiasi cha kutosha ili sikio lisizichanganye.

Mfano mwingine ni mdhamini. Matangazo mengi humtaka mwombaji ataje wadhamini watatu, yaani watu wanaomfahamu na wanaoweza kueleza mwenendo na uwezo wake. Lakini katika matumizi ya kila siku mdhamini ni mtu anayesimama mahakamani ili mshitakiwa aachiwe, au anayekubali kulipa deni iwapo mkopaji atashindwa. Mdhamini wa aina hiyo huweka mali yake rehani. Mwombaji anayelielewa neno kwa maana hiyo ataona haya kumwendea mwalimu wake, akidhani anamtwisha mzigo wa dhamana. Badala yake atamtafuta mtu mwenye nyumba au mashamba, hata kama mtu huyo hajui lolote kuhusu kazi yake. Baadhi ya matangazo hujihami kwa kuweka neno la Kiingereza katika mabano. Hata hivyo, neno hilohilo ndilo lililotoholewa mtaani kuwa refa, na refa anayejulikana Handeni na Korogwe ni yule mwenye filimbi. Mabano hayakuondoa utata. Yameongeza maana ya tatu.

4.2 Vitenzi vya vitufe

Kikwazo cha pili ni vitenzi vya kuamuru mashine. Kazi ya kuvipatia Kiswahili ina historia ya kuheshimika. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa programu za ofisi za Jambo OpenOffice, na mwaka 2005 Microsoft ilitoa kiolesura cha Kiswahili kwa ajili ya Windows. Kutokana na juhudi kama hizo yapo maneno yaliyokubalika vizuri. Bofya ni mojawapo: aliyewahi kulibonyeza embe kwa vidole ili ajue kama limeiva hahitaji maelezo marefu kuhusu kitufe.

Pakia na pakua ni jozi yenye hadithi nyingine. Kimantiki jozi hiyo ni bora: shehena hupakiwa chomboni na hupakuliwa kutoka chomboni, na kiambishi tenguzi -u- kinafanya kazi yake ipasavyo. Tatizo lipo katika mahali pa kusimama. Mwombaji aliye na cheti chake katika simu hutakiwa kukipakia katika mfumo. Yeye, akiwa upande wa mwenye mzigo, huona kuwa anakitoa cheti kwake, na katika kutoa kilichomo ndani lugha ya jikoni humpa neno pakua: chakula hupakuliwa kutoka chunguni ili kiwafikie walaji. Istilahi imechukua mtazamo wa chombo kinachopokea, ilhali mwombaji amesimama na chungu mkononi. Kwa kuwa tofauti ya maneno hayo mawili ni irabu moja, kosa hutokea kwa urahisi.

Ghairi na hifadhi nazo zinastahili kutajwa. Kughairi, kwa wazungumzaji wengi, ni kubadili nia. Mtu anayetaka kurekebisha kosa dogo katika tarehe ya kuzaliwa amebadili nia kuhusu tarehe hiyo, si kuhusu fomu nzima. Akibofya ghairi huenda akapoteza yote aliyoyajaza. Hifadhi nayo humpa mwombaji utulivu usio na msingi. Aliyehifadhi kitu ameshakiweka mahali salama; kwa nini adhani kuwa bado hajakiwasilisha? Katika mfumo wa maombi, kuhifadhi na kuwasilisha ni hatua mbili, na kati yake ipo tarehe ya mwisho.

Ugumu huo huongezeka pale ambapo tangazo ni la Kiswahili na vichwa vya sehemu za fomu ni vya Kiingereza. Mwombaji hulazimika kulinganisha matini mbili zisizofanana kwa mpangilio wala kwa istilahi. Hiyo ni kazi ya mtafsiri, na haikutajwa popote katika sifa za mwombaji.

4.3 Tahajia ya majina

Kikwazo cha tatu hakionekani kuwa cha lugha mpaka kichunguzwe. Mifumo ya ajira hutaka jina la mwombaji lilingane katika cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na kitambulisho cha taifa. Lakini majina mengi ya Handeni na Korogwe yana asili ya Kiarabu au ya Biblia, na yameingia katika lugha zenye silabi wazi: Kizigua, Kisambaa, Kibondei na Kiswahili chenyewe. Fonolojia ya lugha hizo hutaka jina liishie kwa irabu. Kwa sababu hiyo Ramadhan ni Ramadhani, Rajab ni Rajabu, na Shaaban ni Shabani. Upande wa Wakristo, aliyebatizwa Yohana huenda aliandikishwa shule kama John.

Kwa masikio ya jamii hayo ni majina mamoja. Mama anayemwita mwanawe Rajabu na karani anayeandika Rajab wanamtaja mtoto yuleyule. Mashine haina sikio. Hulinganisha herufi kwa herufi. Matokeo yake, kanuni ya kawaida kabisa ya utohozi, inayofundishwa katika mwaka wa kwanza wa isimu, humfikisha mwombaji kwa wakili kutafuta hati ya kiapo. Gharama ya kiapo hicho na nauli ya kukifuata ni gharama ya irabu moja.

5.0 Mtumiaji ni watu wawili

Mpaka hapa imechukuliwa kwamba mwombaji hukaa mwenyewe mbele ya tovuti. Kwa waombaji wengi wa vijijini hali si hiyo. Mwombaji hupanda bodaboda au basi dogo hadi Handeni mjini, Mkata, Mombo au Korogwe, akaingia katika duka linaloitwa steshenari. Hapo panatolewa nakala, panachapwa barua, panapigwa picha za pasipoti, na pia panaombwa kazi. Anayeshika kipanya ni mhudumu wa duka. Mwombaji huketi pembeni, bahasha ya vyeti mapajani, akijibu maswali.

Hali hii inabadili dhana nzima ya mtumiaji. Mwenye lengo ni mmoja, mwenye ustadi ni mwingine. Mhudumu huijua fomu kwa mazoea ya mkono, na huenda asijue maana ya kila kipengele. Mwombaji huyajua maisha yake, na hajui kipengele gani kinauliza nini. Kati yao huzaliwa lugha ya tatu. Mhudumu haulizi juu ya wadhamini, anasema, “Nipe watu watatu na namba zao.” Hasemi pakia, anasema tuweke cheti. Nywila huitwa paswedi, na mara nyingi hutungwa na mhudumu mwenyewe, ikaandikwa katika daftari la duka au nyuma ya bahasha.

Lugha hiyo ya tatu ina ubora wake: ni fupi, nayo huikamilisha kazi kabla umeme haujakatika au foleni haijalalamika. Lakini ina gharama. “Watu watatu na namba zao” ni tafsiri inayoacha nje swali la msingi, yaani watu hao wanajua nini kuhusu mwombaji. Vilevile, paswedi inayobaki dukani humfanya mwombaji ashindwe kuifungua akaunti yake akiwa kijijini, ili ajue kama ameitwa kwenye usaili. Kwa vipimo vya kawaida, maombi yamewasilishwa na mfumo umefaulu. Kwa kipimo cha utumishi, mwenye maombi ameachwa nje ya maombi yake.

6.0 Namna ya kutathmini

Iwapo mtumiaji ni watu wawili, tathmini inapaswa kuwasikiliza wote wawili. Njia zilizozoeleka zinahitaji kurekebishwa.

Dodoso mashuhuri la John Brooke, lililobuniwa mwaka 1986, lina kauli kumi ambazo mtumiaji huzikubali au kuzikataa kwa ngazi tano, na jumla hugeuzwa kuwa alama kati ya 0 na 100. Kulitafsiri kwa Kiswahili hakutoshi. Kauli yake ya kwanza humuuliza mtumiaji kama angependa kuutumia mfumo mara kwa mara. Kwa mtafuta kazi, jibu la furaha ni hapana: aliyefanikiwa harudi. Aidha, Kiswahili kina adabu yake ya kujibu. Anayeulizwa habari za nyumbani hujibu nzuri, kisha ndipo aeleze kuwa kuna mgonjwa. Mtafiti atakayeuliza mfumo umeuonaje atapokea “mzuri tu”, na akifunga daftari lake hapo atakuwa ameandika salamu, si tathmini.

Njia inayopendekezwa ni ya usikilizaji. Mtafiti, kwa ridhaa ya wote, huketi katika steshenari na kurekodi mazungumzo ya mwombaji na mhudumu tangu tangazo linaposomwa hadi maombi yanapowasilishwa. Baadaye huweka alama kila mahali ambapo mazungumzo yamesimama. Kusimama huko ni kwa aina nne: kuuliza maana, kutafsiri, kukisia, na kurudi nyuma kusahihisha. Kila alama hupangwa kulingana na chanzo chake: istilahi, kitenzi cha kitufe, jina, au taarifa ambayo mwombaji hakujua kuwa itahitajika. Panapotokea alama nyingi juu ya neno moja, neno hilo ndilo la kurekebishwa kwanza.

Jakob Nielsen ametetea rai kwamba watumiaji watano hutosha kufichua matatizo mengi ya mfumo. Rai hiyo huwahusu watumiaji wanaofanana. Katika eneo hili, wahitimu wa kidato cha nne, wahitimu wa vyuo na wahudumu wa steshenari ni makundi tofauti, na kila moja linahitaji watu wake. Hata hivyo, hata kwa hesabu hiyo, kazi yote haizidi uwezo wa wanafunzi wachache wa isimu katika likizo moja. Barabara ya Korogwe hadi Handeni ni kilometa 65 tu.

Marekebisho yatakayotokana na tathmini hiyo si lazima yawe ya gharama kubwa. Istilahi rasmi inaweza kubaki, ikafuatwa na maelezo mafupi kwa Kiswahili cha kawaida: mdhamini, yaani mtu anayekufahamu kimasomo au kikazi, hatadaiwa chochote. Kitufe kinaweza kuandikwa tendo na matokeo yake: hifadhi, bado hujatuma. Orodha ya vitu vyote vinavyohitajika inaweza kuwekwa mwanzoni mwa tangazo, ili mtu wa Mashewa asigundue akiwa Korogwe kwamba cheti kimoja amekiacha nyumbani. Kuhusu majina, mfumo unaweza kuonyesha tofauti ya irabu kuwa ni jambo la kuthibitishwa na binadamu, badala ya kuihesabu kuwa ni mtu mwingine.

7.0 Hitimisho

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa mwaka 1967, Tanzania imefanya kazi kubwa ya kuunda istilahi. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Mafanikio hayo yamejibu swali la kama Kiswahili kinaweza kusema mambo ya kisasa. Swali linalobaki ni kama kikiyasema kinaeleweka na yule anayeambiwa. Wanaisimu wamezoea kuipima istilahi kwa usahihi wa muundo wake. Tovuti ya ajira inadai kipimo cha ziada: je, mtu anayeihitaji anaweza kutenda jambo kwa kuitumia?

Mwishoni mwa maombi mengi huwapo tamko, ambalo kwalo mwombaji hukiri kuwa yote aliyoyajaza ni ya kweli, na kwamba anajua kuwa udanganyifu utamfikisha mbele ya sheria. Katika steshenari, kisanduku cha tamko hubofywa na mhudumu, kwa haraka, kwa kuwa ndicho cha mwisho. Mwombaji huambiwa, “Tayari.” Tathmini yoyote ya tovuti ya ajira inapaswa kuanzia katika neno hilo moja, kwa kuuliza ni nani aliyekuwa tayari, na kwa jambo gani alilolisoma.